Mistari Miwili Ambayo Sikuionja

Rehema ameniomba niandike kazi yetu ilivyokuwa, kwa ajili yake na wenzake wanne waliobaki shambani. Alinipa daftari jipya na kalamu mbili, akasema, "Babu, andika tu kama unavyoongea, si lazima iwe hotuba." Nimekaa na daftari hilo wiki tatu bila kuandika neno. Si kwamba sina la kusema. Ninalo moja ambalo limenikaa kooni miaka kumi na moja, na nilijua nikishika kalamu litatoka tu, hata nikianza na habari za majembe.

Basi nianze na majembe.

Shamba la Bi Fatu lina ekari nane, upande wa kushoto ukitoka Nachingwea kwenda Ruangwa, pale barabara inaposhuka kwenye kijito kinachokauka Agosti. Bi Fatu ni bibi yake Rehema. Alifiwa na mumewe, wanawe wa kiume wako Dar es Salaam, na mikorosho peke yake haikumtosha kuishi nayo. Akafanya jambo ambalo watu walilicheka. Alikwenda mjini nyumba kwa nyumba, kwa walimu, manesi na mafundi cherehani, akawaambia: njooni siku nne kabla ya mvua mlime nami, leteni mbegu mlizonazo, halafu kila Ijumaa mtapata kapu la kilichopo. Kikiwa kingi mtakula kingi, mvua ikikataa tutakula kidogo wote. Zilianza nyumba tisa. Leo zimepita arobaini, na nyingine ziko Ruangwa mjini.

Kila nyumba ina kapu lake la ukindu, na kwenye mkono wa kapu kumefungwa kipande cha kanga ili lisichanganywe na la mwingine. Sisi wafanyakazi tulikuwa na makapu yetu kwenye mstari huo huo, yanajazwa sawa na ya mjini. Bi Fatu alisema hataki matabaka kwenye ekari nane. Mshahara wangu siusemi, maana haukuwa wa kusemwa, lakini kapu lile lilinilelea watoto.

Mimi nilifika pale nikitokea kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho ya watu. Kazi ile niliipenda kwa sababu ya kelele zake: ukiwa na mashine mgongoni hakuna anayekuuliza kitu. Kwa Bi Fatu niliulizwa kila kitu, na aliyeniuliza alikuwa Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa mkuu wetu wa kazi ingawa hakuna aliyemtangaza. Mama wa Kimwera, kanizidi kama miaka kumi na mitano, mfupi, anashika jembe kwa mkono wa kushoto. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, na sifa alizitoa mara chache kuliko mvua za Septemba. Siku yangu ya kwanza nilikwenda na viatu vya plastiki vipya na maelezo marefu ya mashamba niliyopitia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akang'oa shina la muhogo, akakata ncha ya mzizi mmoja, akanipa.

"Tafuna."

Nikatafuna. Ulikuwa mtamu.

"Tema. Usimeze."

Akang'oa la pili, la tatu, yote matamu, yote nikatema. La nne nilipolitia jino mdomo mzima ulijikunja, nikatema mpaka mate yakakauka. Yeye akatikisa kichwa, ameridhika.

"Umeujua?"

"Nimeujua, Bi Somoe."

"Basi hiyo ndiyo kazi. Jembe kila mtu analo."

Kwa wale watakaosoma haya ambao hawajawahi kulima huku kwetu, nieleze. Tulikuwa na muhogo wa aina mbili. Mtamu ulikaa katikati ya shamba. Mchungu ulizunguka mpakani, kwa sababu nguruwe pori akiuonja huwa anaghairi na kurudi alikotoka. Muhogo mchungu si mbaya. Ukiumenya, ukauloweka, ukauanika vizuri, unapata makopa, na ugali wake unaushinda ugali wa mahindi, wala sibishani na mtu juu ya hilo. Ila ukiupika mbichi kama muhogo mtamu unakudhuru. Na kwa macho huwezi kuwa na hakika. Kuna watakaokwambia tazama kikonyo cha jani, chekundu au cheupe. Vikonyo vinadanganya. Ndiyo maana kwa Bi Fatu hakuna shina lililoingia kapuni kabla mtu hajatafuna ncha yake mbichi na kuitema. Shina kwa shina. Mtu huyo alikuwa mmoja tu, ili likitokea la kutokea ajulikane wa kuulizwa.

Kabla yangu alikuwa Bi Somoe. Lakini alikuwa ameweka tumbaku chini ya ulimi tangu ujana wake, na ulimi ukafika mahali hautofautishi chumvi na majivu. Msimu wangu wa tatu akanikabidhi kisu chake kidogo, mpini umezungushiwa mpira wa tairi la baiskeli. Hakusema neno la sherehe. Alisema, "Kinolewe kila Alhamisi." Kisu hicho ninacho mpaka leo, na nimekinoa kila Alhamisi.

Ziko habari nyingine ningependa kukaa nazo kidogo, maana ni nzuri na hazinichomi. Mwaka ule mvua zilipokatika Januari, makapu yalikuwa na kisamvu, kunde kiganja kimoja, na boga lililokatwa vipande sita. Tulidhani watu wa mjini watasusa. Ijumaa hiyo walikuja wenyewe badala ya kungoja pikipiki inayowapelekea makapu, wakachukua, wakasema ahsante, na nesi mmoja aliyezoea kutusumbua kwa kuulizia karoti hakuziulizia. Kugawa kidogo ni kazi ngumu kuliko kugawa kingi. Mwenye macho makali hutazama kapu la jirani kwanza. Bi Somoe alinifundisha kugawa kwa kuanzia kapu la mwisho kwenye mstari wiki hii, la kwanza wiki ijayo, na langu na lake kila mara kuyajaza baadaye.

Nimeyasema hayo mazuri. Sasa lile jingine.

Mwezi wa Ramadhani, kila nyumba inataka muhogo. Futari bila muhogo wa nazi watu wanakula kwa kununa. Mimi wakati huo nilikuwa nimeanza kuadhini kwenye msikiti wetu wa kijijini, na nilikuwa mkali. Kijana akionekana na muwa mchana nilimsimamisha njiani nikamsomea. Nilimwambia Bi Fatu mwenyewe apunguze redio. Nikikumbuka sauti yangu ya siku zile natamani kuziba masikio.

Ijumaa ya nne ya mwezi huo tulianza kuchimba alfajiri. Muhogo wa katikati ulikuwa umepungua, jua likatoka na hasira zake. Kufika kama saa nne miguu ilikuwa inanitetemeka. Nikasema nakwenda kutazama mitego ya panya kule chini kijitoni. Kulikuwa na mpapai umeiva. Nikakaa nyuma yake nikala papai zima kwa mikono, nikanywa maji ya kisima, nikafuta mdomo kwa shati. Sikuwa mgonjwa wala msafiri. Nilikuwa na njaa tu. Mtu akishindwa hulipa siku hiyo baadaye, anatubu, yanakwisha. Kama ningeishia pale nisingekuwa na kitu cha kuandika.

Nilirudi nikamkuta Bi Somoe na akina mama watatu wamefika kwenye mistari miwili ya mwisho, iliyopakana na muhogo mchungu. Bi Somoe alikuwa ameinama, hachimbi.

"Mistari hii miwili mimi siijui," alisema. "Mvua ya kwanza ilipokatika tuliziba mapengo kwa pingili zilizokuwepo. Nyingine za ndani, nyingine za mpakani. Onja kila shina, Bakari."

Akina mama walikuwa wananitazama. Mmoja wao alikuwa mama wa kijana mmoja niliyemsimamisha na muwa. Nikasikia sauti yangu inasema, "Nimefunga, Bi Somoe."

"Ulimi tu. Unatema. Siku zote za mfungo unaonja hivyo."

"Leo sitii kitu mdomoni. Siku ya Ijumaa, kumi la mwisho, mtu anajihadhari."

Nilisema hivyo nikiwa na papai tumboni. Hata sasa ninapoandika masikio yanapata moto. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka, kwa kuwa nimeharibu ndani, nje ing'ae zaidi.

Bi Somoe alinitazama muda mrefu kidogo usoni. Nikainama nikatazama vikonyo vya majani, vile vile ambavyo nimewaambia vinadanganya, nikasema, "Hii mitamu. Pakieni." Hakubishana. Mimi ndiye niliyekuwa na kisu.

Asubuhi ya pili yake simu ikapigwa. Mwalimu Rukia wa Nachingwea, mmoja wa wale tisa wa mwanzo, alikuwa amelazwa yeye na mama yake mzazi. Walifuturu, wakahisi uchungu kidogo, wakadhani ni nazi imekaa sana. Baadaye wakaanza kutapika, vichwa vinazunguka. Mwalimu alitoka siku ya pili. Mama yake alilala siku nne, na siku mbili kati ya hizo hakumjua mtu. Nyumba nyingine zilikuwa bado hazijapika. Pikipiki zilitumwa kurudisha muhogo wote, nami nikauonja shina kwa shina nyuma ya stoo, natema, hakuna anayeniuliza habari ya swaumu. Karibu nusu ulikuwa mchungu.

Bi Fatu alituita stoo, wafanyakazi na baadhi ya watu wa mjini. Alikuwa na sauti ndogo, jambo ambalo lilitisha kuliko kama angefoka.

"Nani alichimba mistari ile?"

Mtajua kwamba swali lilikosewa. Swali lilikuwa nani aliyeonja. Lakini katika miaka yote muhogo haukuwahi kupita bila kuonjwa, na Bi Fatu hakufikiri kwamba linaweza kutokea. Aliona labda ulichimbwa ukapakiwa nikiwa sipo. Wale akina mama watatu walitazama chini. Walikuwa vibarua wa msimu, mimi ndiye ninayewaita au nisiwaite.

Bi Somoe akanigeukia. Alinipa nafasi. Nami nilikuwa nahesabu: nikisema sikuonja, nitasema kwa nini, nikisema kwa nini, yupo mama wa kijana wa muwa, upo msikiti, yupo mke wangu. Nikatazama makapu.

"Nimechimba mimi," Bi Somoe akasema.

Lilikuwa neno la kweli, na mimi nikajificha nyuma yake. Mtu wa mjini akasema, mama wa watu amezeeka, macho hayaoni tena mpaka. Mwingine akasema ulimi wake umekufa siku nyingi, kwa nini bado anaachiwa muhogo. Bi Fatu akanigeukia, "Bakari, nawe ulikuwa wapi?" Nikasema, "Nilikwenda chini kutazama mitego." Hilo nalo lilikuwa la kweli. Nilijifunza siku ile kwamba unaweza kumzika mtu kwa maneno ya kweli matupu.

Hakufukuzwa. Alitolewa tu kwenye muhogo, akapewa kufagia stoo na kupepeta choroko. Akafanya kazi hiyo Ijumaa tatu. Ya nne hakuja. Tukasikia amekwenda Mandawa kwa binti yake. Kapu lake lilibaki kwenye msumari, na kipande chake cha kanga ya njano.

Nimefanya kazi miaka kumi na moja baada ya hapo na sijaacha shina hata moja. Watu walisema Mzee Bakari ana makini. Nilionja kwa homa, nilionja siku ya msiba wa kaka yangu, na mfungo ukifika nilionja mbele ya kila mtu na kutema kwa sauti. Kuadhini niliacha, nilisema kifua kinanisumbua. Mara mbili nilipanda pikipiki kwenda Mandawa, na mara mbili nikaishia Ruangwa sokoni, nikanunua kitu nisichokihitaji, nikarudi.

Mwezi uliopita mliniaga. Mlinipa kanzu na mkeka, mkapika pilau. Rehema alisimama akasema, "Babu Bakari ni mwamba. Tangu enzi za Bi Somoe ziishe, hatujawahi kulisha mtu muhogo mchungu." Watu wakapiga makofi. Mama wa Mwalimu Rukia, mzee sana sasa, alishika mkono wangu akaniombea dua. Nami nikatabasamu, nikapokea kanzu nikaivaa. Nyumbani niliivua nikaikunja, sijaivaa tena. Asubuhi ya Jumatatu nilikwenda Mandawa, na safari hii sikushuka Ruangwa.

Nilimkuta barazani kwa mkwewe, ameketi kwenye mkeka anachambua choroko kwa vidole, macho yamekwisha kuwa na ukungu.

"Hodi."

"Karibu. Sauti hiyo ya Bakari."

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba. Umestaafu, nimesikia. Kaa."

Niliketi. Nilikuwa nimebeba sukari na majani ya chai, nikaviweka kando yake, akavisukuma kidogo bila kuvigusa vizuri. Nikamuuliza hali. Akasema mzima. Nikamuuliza anafanya nini siku hizi, na hapo akajibu kwa utulivu, bila kunilaumu, kana kwamba ananieleza hali ya mvua.

"Ndiyo hii, choroko. Kwenye shughuli za watu wananipa vyombo nioshe. Muhogo hawanipi. Nikishika kisu, mtu anakuja anakichukua polepole, anasema, 'Bibi, pumzika.' Habari ile ilifika huku kabla yangu."

Mkwewe alikuwa mlangoni anatengeneza mnyororo wa baiskeli. Nilitaka kungoja aondoke. Kisha nikaona kwamba hivyo hivyo ndivyo nilivyofanya miaka yote, kungoja mtu aondoke. Nikasema kwa sauti ya kusikika.

"Bi Somoe, muhogo ule mimi ndiye sikuuonja. Ulinipa nikakataa. Nilisema nimefunga. Na sikuwa nimefunga. Nilikuwa nimekula kule chini."

Vidole vyake vikaendelea na choroko. Mkwewe akaacha mnyororo.

"Papai," akasema Bi Somoe.

Sikuelewa.

"Ulikula papai. Mbegu yake ilikugandia ndevuni, hapa." Akajigusa kidevuni. "Nyeusi. Macho yangu yalikuwa mazima wakati ule."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, pale shambani au hata stoo.

"Ningesema nini? Mtu mzima, unaadhini, mwezi mtukufu, mbele ya wanawake. Nilikusitiri. Swaumu ni yako na Mola wako, haikunihusu. Muhogo ndio ulinihusu. Nikajua habari ya muhogo utaisema wewe mwenyewe. Nikangoja Ijumaa tatu."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusikia." Akapuliza maganda kutoka kiganjani. "Sukari rudi nayo. Kaseme kule ulikonyamaza. Kapu langu lipo?"

"Lipo. Kwenye msumari."

"Haya," akasema, akavuta ungo karibu.

Hiyo ndiyo kazi yangu, Rehema. Uliniomba niandike nilivyojifunza, na nimejifunza kwa mtu ambaye nilimwacha abebe uchafu wangu huku yeye ameficha wangu mwingine. Naona aibu, na sitaki mnipunguzie. Siku ya kulima ya kwanza, nyumba zote zitakapokuja, usomwe ukurasa huu stoo kabla ya uji, wote, pamoja na papai. Nitakuwepo, mbele, na mama wa Mwalimu Rukia nimeomba aketi karibu yangu ili akitaka kuirudisha dua yake airudishe.

Kisu nakuachia wewe. Kinolewe kila Alhamisi. Na kuanzia Ijumaa hiyo, lile kapu lenye kanga ya njano literemshwe, lifutwe vumbi, lijazwe sawa na mengine, na likipelekwa Mandawa lipelekwe na muhogo juu kabisa, pale majirani watakapouona.